Fresenius 4008S: mashine imara, lakini kagua chumba cha maji kwanza

Kwa hospitali inayotaka kuinunua, na kwa mgonjwa anayejiuliza kama atakuwa salama akiunganishwa nayo, jibu ni ndiyo: Fresenius 4008S, mashine ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa, bado ni ya kuaminika. Masharti ni mawili. Betri yake iwe hai, na maji yanayoingia kwa nyuma yake yawe yamepimwa asubuhi ileile. Sharti la pili ndilo zito. Mashine hii ya Kijerumani, ya familia ya 4008 inayotumika tangu miaka ya 1990, itafanya kazi Kampala kama inavyofanya Frankfurt. Tofauti huletwa na maji na umeme tunaoipa, na mikono inayoiandaa.

Kwa hiyo hapa tutazungumza sana habari za matangi na mabomba, skrini tutaigusa kidogo tu.

Mashine ina njia mbili zisizokutana. Ya kwanza ni ya damu, na yote iko mbele ya macho: sindano ya kutolea, mrija mwekundu, pampu inayozunguka ikiukamua mrija, dayalaiza (kichujio cha damu), chemba ya matone, mrija wa buluu, sindano ya kurudishia. Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati mmoja ni mililita 200 hadi 250 hivi, nayo haigusi chochote cha mashine yenyewe. Inapita ndani ya plastiki ambayo ni ya mgonjwa huyo peke yake. Njia ya pili ni ya maji, nayo imefichwa ndani. Mashine huvuta maji yaliyosafishwa, huyapasha moto hadi nyuzi 36 au 37, huyatoa hewa, kisha hufyonza dawa mbili: asidi kwa mpira wenye kichwa chekundu, na bikaboneti kwa mpira wa buluu. Dawa hizo haziwekwi katika jerikeni moja kwa sababu kalsiamu iliyomo kwenye asidi ikikutana na bikaboneti nzito hugeuka chokaa papo hapo.

Mchanganyiko unaopatikana, yaani dayalisati, kwa kawaida huwa na sodiamu milimoli 138 hadi 140 kwa lita, potasiamu 2, na bikaboneti 32 hadi 35. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashine haitambui sodiamu wala potasiamu kwa majina. Inapima tu jinsi mchanganyiko unavyopitisha umeme, na namba inayotakiwa kusomeka kwenye skrini ni karibu na 14 mS/cm. Mtu akikosea akaweka jerikeni ya asidi yenye potasiamu 3 badala ya 1, namba hiyo haitatikisika vya kutosha kupiga kengele. Lebo ya jerikeni isomwe na binadamu, tena wawili, kabla mpira mwekundu haujatumbukizwa.

Ndani ya dayalaiza kuna maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati. Damu hupita ndani ya nyuzi, dayalisati hupita nje yake kuelekea upande wa pili. Urea, kreatinini na potasiamu, ambavyo vimejaa kwenye damu, hutoka kuelekea kwenye uhaba. Bikaboneti huingia kwenye damu iliyochachuka. Dayalaiza kama F6HPS ina eneo la mita za mraba 1.3, F8HPS ina 1.8. Mtu mwenye mwili mkubwa aliyefungiwa ndogo kila mara hasafiki vizuri hata kama mashine ni mpya kabisa.

Sasa uzuri wenyewe wa 4008S. Moyoni mwake kuna chemba za mizani: vyumba viwili, kila kimoja kikiwa na utando unaonyumbulika katikati. Dayalisati safi ikiingia upande mmoja, inasukuma kiasi kilekile cha iliyotumika kutoka upande wa pili, mililita 30 kwa kila mpigo. Kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Kwa kuwa mzunguko huo umefungwa, maji ya mwilini hayawezi kupungua ila kupitia pampu nyingine ndogo ya kuvuta maji, ambayo hutoa mililita 1 kwa kila pigo na kuhesabu. Ukiambiwa umevutwa lita 2.5, ni pampu hiyo imepiga mara 2,500. Hakuna kukisia. Mashine za zamani zilizotegemea shinikizo peke yake ziliweza kumvuta mtu lita moja zaidi bila mtu kujua, akaanguka anaposhuka kwenye mizani. Kwa jambo hili moja 4008S inastahili bei yake.

Jambo la pili la kusifia ni jaribio la T1. Kabla ya kila mgonjwa mashine hujipima yenyewe: kigunduzi cha hewa, kigunduzi cha damu iliyovuja, vipimo vya shinikizo, joto, upitishaji umeme, betri. Hatua ikishindwa, inataja ni ipi. Wapo wanaolichukia kwa kuwa linakula muda wa zamu, na wapo wanaolirudia mara tatu nne mpaka lipite kwa bahati. Mashine iliyofaulu kwa mara ya nne bila kitu chochote kurekebishwa haijafaulu. Ipelekwe pembeni, fundi aitwe.

Tatu, inajisafisha kwa moto. Asidi ya sitriki ikizungushwa ndani kwa joto la nyuzi 84 huua vijidudu na kuyeyusha chokaa kwa mkupuo mmoja, na haiachi sumu ya kuhofiwa. Klorini nayo hutumika, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kuondoa mafuta na protini, lakini hiyo lazima ioshwe hadi kikaratasi cha kupimia kioneshe haipo tena. Mahali ambapo sitriki imekwisha na klorini inatumika kila siku, viungo vya mpira vya ndani hukakamaa na mashine huanza kuvuja kabla ya wakati. Ukiona maji sakafuni chini ya 4008S, uliza inaoshwa na nini.

Hakuna kizuri kisicho na ila. Skrini ni ndogo, na maneno yake ni vifupisho vya Kiingereza ambavyo mwuguzi mgeni huvikariri kwa shida. Haitunzi kumbukumbu za mgonjwa, hivyo kila nusu saa lazima mtu aandike kwa mkono. Kipimo cha presha hakimo katika kila toleo, na kile cha kuonesha damu inasafika kiasi gani wakati kikao kikiendelea pia ni cha kuongezewa. Ina uzito wa zaidi ya kilo 80, na magurudumu yake hayapendi sakafu zenye nyufa. Mpira wa buluu unaofyonza bikaboneti ya maji ni mlango wa bakteria: bikaboneti iliyokorogwa kwenye jerikeni imwagwe siku ileile, isilazwe. Toleo linalotumia mfuko wa unga mkavu wa gramu 650 linaondoa shida hiyo kabisa, na kama bajeti inaruhusu kuchagua nyongeza moja tu, chagua hiyo.

Maji

Dayalisati hupita mililita 500 kila dakika. Kwa masaa manne hiyo ni lita 120, kwa mgonjwa mmoja, kikao kimoja. Mtu mzima hanywi maji hayo hata kwa mwezi, na ya kunywa hupita tumboni kwanza, yakachujwa na utumbo na ini. Haya yanatenganishwa na damu kwa utando mwembamba tu. Maji ya bomba yanayofaa kabisa kwa chai yanaweza kumuua mgonjwa wa figo akiwa kitini.

Mlolongo wa kuyasafisha ni huu: chujio la mchanga na tope, tangi la kulainisha maji magumu, matangi mawili ya kaboni, kisha mtambo wa RO unaoyasukuma kwa nguvu kupita utando unaobakiza karibu kila kitu, na mwisho bomba la mzunguko linalopeleka kwenye mashine na kurudisha yaliyobaki. RO hutupa sehemu kubwa ya maji inayopokea, wakati mwingine nusu, kwa hiyo kila kikao hudai zaidi ya lita 200 kutoka kwenye bomba au tangi la juu. Zidisha kwa mashine 10 na zamu mbili, utaelewa kwa nini maji yakikatika mtaani kitengo hufunga hata kama umeme upo.

Kaboni ndiyo inayosahaulika. Kazi yake ni kunyonya klorini na kloramini ambazo mamlaka ya maji huweka kuua vijidudu. RO haiziondoi vya kutosha, na klorini huharibu utando wa RO wenyewe. Kloramini ikipenya hadi kwenye dayalaiza huvunja chembe nyekundu za damu. Kikomo ni miligramu 0.1 kwa lita. Kipimo kichukuliwe kati ya tangi la kwanza la kaboni na la pili, baada ya mtambo kutembea angalau dakika 15, na kirudiwe kabla ya kila zamu, kwa sababu kaboni iliyopita jana inaweza kushindwa leo: mvua zikivuruga ziwa, kiwango cha klorini kinaweza kupandishwa bila kitengo kuarifiwa. Kikipita kikomo baada ya tangi la kwanza, la pili bado linakulinda na kuna nafasi ya kubadilisha. Kitengo chenye tangi moja tu hakina nafasi hiyo.

Dalili za kloramini zijulikane na kila anayekaa kwenye kiti. Damu kwenye mrija wa kurudisha hubadilika kuwa nyekundu angavu inayopenyeza mwanga. Mgonjwa analalamika mgongo, kifua kimebana, pumzi inakata. Pampu isimamishwe, mirija ibanwe, na damu iliyo nje isirudishwe mwilini hata kama inauma kuipoteza, kwa kuwa chembe zilizopasuka zimemwaga potasiamu ya kusimamisha moyo.

Kwa wanaotumia maji ya Ziwa Victoria kuna jambo zaidi. Ghuba ya Murchison, ambako Kampala huchota maji yake pale Ggaba, huota mwani wa kijani, na aina ya Microcystis hutoa sumu ya ini. Dunia ilijifunza hili vibaya huko Caruaru, Brazili, mwaka 1996: maji ya bwawa lenye mwani yalipelekwa kliniki ya dayalisisi bila kusafishwa ipasavyo, na wagonjwa zaidi ya 50 wakafa kwa ini kushindwa. Klorini ikiua mwani huo, sumu iliyomo ndani yake humwagika majini, kwa hiyo klorini peke yake si tiba. Kaboni nzuri na RO nzima ndizo ngome. Maji yaliyoletwa na lori wakati wa mgao yapitie mlolongo wote, na kaboni ipimwe upya, hata kama dereva anaapa yametoka bomba lilelile.

Visima vina tabia nyingine. Maji yake mara nyingi ni magumu na yana chuma, na tangi la kulainisha likikosa chumvi ya kulihuisha, chokaa huziba RO kwanza kisha huingia kwenye mashine. Ugumu upimwe mwisho wa siku, wakati tangi limechoka, wala si asubuhi linapojisifu.

Bakteria nao: kikomo cha maji ni vikundi 100 kwa mililita, na endotoksini, yaani sumu ya bakteria, uniti 0.25 (EU) kwa mililita. Bomba lenye kona iliyokufa, ambako maji husimama bila kuzunguka, huota utelezi ambao dawa haifiki. Vivyo hivyo tangi la kuhifadhia maji yaliyokwisha kusafishwa, hasa likiwa halina mfuniko unaokaza. Kanuni rahisi ya kutofautisha: mgonjwa mmoja mwenye katheta (mrija uliowekwa kwenye mshipa badala ya sindano) akitetemeka kwa baridi nusu saa baada ya kuanza, shuku katheta. Watatu wakitetemeka zamu moja, shuku maji, simamisha wote.

Basi ukienda kutazama kitengo kabla ya kumpeleka mzazi wako, omba kuona daftari la chumba cha maji. Usidai kuingia, daftari latosha. Liwe na klorini ya leo, saa ya kupima, na sahihi. Kurasa zenye namba moja iliyorudiwa mwezi mzima kwa kalamu moja zimeandikwa ofisini.

Umeme

Mashine inapopasha maji huvuta karibu kilowati 2. Umeme ukikatika, kupasha na kusafisha husimama, lakini betri ya ndani huendeleza pampu ya damu, skrini na kengele kwa takriban dakika 15 hadi 20. Huo ni muda wa kutosha jenereta kuwaka au kumrudishia mgonjwa damu yake. Ni betri ya madini ya risasi, na joto la chumba huizeesha. T1 huipima kwa muda mfupi tu, kwa hiyo betri inaweza kufaulu jaribio na kuzima dakika ya tatu. Fundi aichomoe mashine ukutani mara kwa mara, bila mgonjwa, ahesabu dakika. Betri ya bei rahisi kutoka duka la vipuri vya pikipiki itaingia kwenye nafasi yake, ndiyo, ila chaji yake hailingani na mfumo, na siku ya kuhitajika itakuumbua.

Betri ikifa kabisa, kibano cha mrija wa kurudisha hujifunga. Hapo kuna mpini wa kuzungushia pampu kwa mkono. Kwanza mrija wa kurudisha utolewe kwenye kibano, la sivyo unasukuma damu dhidi ya mlango uliofungwa. Kisha zungusha kufuata mshale, taratibu na kwa mwendo mmoja, macho yakiwa kwenye chemba ya matone kwa sababu kigunduzi cha hewa hakikulindi tena. Kila mwuguzi wa zamu awe amewahi kufanya hivyo kwa maji ya chumvi, na mpini uwe umening'inia kwenye mashine, usiwe umefungiwa kwenye kabati la mtu aliyekwenda likizo.

Hatari kubwa kuliko giza ni umeme unaopanda na kushuka. Kadi za elektroniki za ndani huungua, na kadi ndiyo kipuri ghali. Weka stabilaiza inayobeba mzigo wote wa mashine, na waya wa ardhini uliopimwa kweli.

Kengele na maana zake

Shinikizo la kutolea likishuka chini ya hasi 200 mmHg huku pampu ikienda mililita 300 kwa dakika, sindano inanyonya ukuta wa mshipa au imebanwa. Sindano ya namba 17 inatosha chini ya mililita 250 kwa dakika. Namba 16 hadi 300 au 350. Ukitaka zaidi, namba 15, iliyo nene zaidi. Kupunguza pampu hadi 200 ili kengele inyamaze ni kumwibia mgonjwa kikao chake, na huwa haiandikwi popote.

Shinikizo la kurudisha likipanda polepole saa ya tatu, damu inaganda kwenye chemba au dayalaiza. Tazama heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda: je, pampu ya bomba la sindano ilifunguliwa, ama dawa bado imejaa? Likiruka ghafla kila mgonjwa anapokunja mkono, ni sindano tu. Kama namba imeganda mahali pamoja bila kucheza hata kidogo, angalia kile kichujio kidogo cheupe kinachounganisha mrija na mashine. Kikilowa damu, mashine haipimi tena kitu. Kibadilishwe, na fundi akague upande wa ndani kama damu imepita, maana hapo ndipo virusi vya homa ya ini huhama kutoka mtu hadi mtu. Kwa mgonjwa mwenye homa ya ini B mashine iwe ya peke yake. Wengine wote wachanjwe, dozi ya mgonjwa wa figo ikiwa maradufu ya mtu wa kawaida.

Kuna hatari moja ambayo 4008S, kama mashine nyingine nyingi, inaweza kuikosa: sindano ya kurudisha kuchomoka. Shinikizo linalosomwa hutokana zaidi na wembamba wa sindano yenyewe kuliko mshipa, kwa hiyo ikitoka, namba hushuka kidogo tu na mara nyingi kengele hailii. Pampu ikienda 300, lita moja na nusu ya damu inakuwa sakafuni ndani ya dakika tano. Mkono wenye sindano usifunikwe kamwe kwa shuka, wala leso, hata kama chumba kina baridi. Funika miguu.

Kinachobaki nje ya uwezo wake

Wiki ina masaa 168. Figo hufanya kazi masaa yote hayo. Wengi nchini Uganda hupata vikao viwili, yaani masaa manane. Kipimo cha kimataifa cha kikao kinachotosha, Kt/V (kipimo cha damu ilivyosafika) isiyopungua 1.2 au urea kupungua kwa asilimia 65, kiliwekwa kwa watu wa vikao vitatu kwa wiki. Mtu wa vikao viwili ambaye hakojoi tena hana ziada ya kupoteza: akitolewa dakika 30 kabla ya muda, hakuna kitufe kwenye mashine kinachozirudisha.

Maji ya mwilini yana kikomo chake cha kuvutwa, mililita 13 kwa kila kilo kwa saa. Mtu wa kilo 60 aliyekuja na lita 3 anavutwa 750 kwa saa kwa masaa manne, yaani 12.5, yuko ukingoni. Akija na lita 5 mashine itakubali kuandikiwa 1,250, maana inaweza hata 4,000, lakini moyo hautakubali. Presha itaanguka, miguu itakaza, siku ya pili hatainuka. Joto la dayalisati likishushwa hadi 36 au 35.5 husaidia presha isishuke sana, na ni jambo la kubonyeza tu, mwombe musawo (mhudumu wa afya).

Potasiamu huondolewa vizuri, lakini hurudi na chakula. Hapa nchini mtego ni katogo: ndizi na utumbo vimepikwa pamoja na mchuzi wote ukaliwa, potasiamu yote imo. Matooke ya kuvukizwa kwenye majani nayo hubaki nayo. Yamenywe, yakatwe vipande, yachemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndipo yapikwe. Juisi ya pasheni, parachichi na mchuzi mzito wa binyebwa (karanga) viwe vya kuonja. Kule kaskazini, chumvi ya majivu inayolainishia mboga ya boo imejaa potasiamu. Chumvi ya dukani inayoandikwa kuwa haina sodiamu pia mara nyingi ni potasiamu tupu. Fosfeti ni mbaya zaidi kwa sababu mashine huitoa kidogo tu: mukene (dagaa) wanaoliwa na mifupa, soda nyeusi, maziwa. Vidonge vya kuizuia humezwa pamoja na chakula. Ukimeza saa moja baadaye umemeza bure. Na damu haitengenezwi na mashine yoyote. Sindano za eritropoietini, zinazousaidia mwili kuitengeneza, zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo anayetoka Kampala kwenda Gulu kwa basi azibebe na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, isiguse chupa.

Kwa anayenunua

Mashine nyingine zipo. Dialog+ ya B. Braun ina skrini kubwa ya kugusa ambayo wauguzi wapya huielewa upesi. Surdial ya Nipro ni nyepesi kuielewa kwa fundi. Fresenius wenyewe wana 5008 na 6008 zinazofanya mengi zaidi, ila zinadai vifaa vyake na maji safi zaidi. Kwetu, 4008S inashinda kwa sababu mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameshaifungua, na mirija na dayalaiza zinazoifaa si za mwuzaji mmoja tu.

Iliyotumika inakubalika, ukiwa na subira. Omba kusoma kihesabu cha masaa ndani ya menyu ya huduma, kisha fungua mgongo wake. Chokaa nyeupe kwenye viungo, kutu chini ya pampu za maji, au mipira iliyogeuka kahawia ni dalili ya mashine iliyokosa sitriki miaka mingi. Ipashe, ipitishe T1 mbele yako, iache itembee masaa manne na maji matupu badala ya damu, na uweke ndoo yenye alama za mililita kupima maji iliyovuta dhidi ya inachodai. Tofauti ya mililita 300 maana yake chemba za mizani au pampu ya kuvuta maji zinahitaji kazi, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Ununue pamoja nayo utando wa chemba za mizani, kipashio kimoja, betri mbili na vichujio vya mwaka mzima. Mkataba utaje fundi atafika ndani ya saa ngapi, na utaje kwamba atafika hadi Arua au Kabale kama ndiko mashine iliko, kwa sababu ahadi nyingi za huduma huishia Kampala.